Nani Analipwa Kukaa na Kero?

Ningepewa uwaziri kwa siku moja tu, ningepiga marufuku neno moja katika mikutano ya teknolojia hapa Nairobi: kuruka. Ati tuliruka simu za waya tukatua kwenye simu za mkono. Tuliruka benki tukatua kwenye M-Pesa. Sasa tunaambiwa tutaruka viwanda, tutue sijui wapi. Msemaji akimaliza watu hupiga makofi, chai na mandazi huletwa, na kila mtu hurudi mtaani akiamini kwamba wenzetu walipanda ngazi daraja kwa daraja na sisi tukapaa.

Hatukuruka kitu. Simu yako inaongea na mnara ulio karibu, na kutoka mnarani, iwe moja kwa moja au baada ya kurushwa hadi mnara mwingine, maneno yako huishia ndani ya uzi wa kioo. Kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tukipanga foleni kwenye setilaiti, na wenye umri wa kukumbuka saiba za wakati huo wanajua ukurasa mmoja ulichukua muda gani kufunguka. Kilichobadilika ni kwamba waya ulifika. Ngazi ile ile tunayodai tuliiruka ndiyo tumesimama juu yake, ila hatukuijenga na hatujui imeshikiliwa na misumari gani.

Msumari ninaotaka kuuzungumzia ni mdogo sana: kichujio cha mwanga kinachoweza kurekebishwa. Najua si habari ya kumfanya mtu aache siasa. Vumilia kidogo.

Uzi wa faiba una unene wa mikromita 125, mnene kidogo kuliko unywele. Ndani yake haipiti rangi moja ya mwanga. Zinapita nyingi kwa pamoja, themanini na zaidi katika mifumo mikubwa, kila moja na mzigo wake wa simu, picha na miamala ya pesa. Nasema rangi kwa kurahisisha tu, maana jicho halizioni: ziko karibu na nanomita 1550, mbali kupita wekundu wa mwisho tunaoweza kuuona. Zimepangwa kwa makubaliano ya kimataifa. Kati ya rangi moja na jirani yake kuna gigahatzi 100, ambayo ni kama nanomita 0.8, au gigahatzi 50 zikibanwa, yaani nanomita 0.4. Sasa mahali fulani njiani lazima kitu kiitoe rangi moja na kuziacha zile nyingine zipite bila kuguswa. Kitu hicho ni kichujio.

Kichujio kisichobadilika ni makanga anayejua stegi moja tu. Kila siku anamshusha abiria pale pale, hata barabara ikifungwa. Ukiwa na rangi themanini unahitaji makanga themanini wa aina themanini, na akiba ya kila mmoja stoo. Kile cha kurekebishwa kinaambiwa kutoka ofisini: leo shusha Roysambu, kesho Githurai. Tinga likikata kebo kando ya barabara, na hapa kwetu matinga hayachoki kukata kebo, mtandao wenye vichujio vya namna hiyo unaweza kuhamisha rangi hadi njia nyingine kabla fundi hajapanda gari. Ndiyo maana watu wametumia miongo kadhaa wakiumiza vichwa juu ya kipande cha kioo.

Na waliumizaje vichwa? Hapo ndipo nina ugomvi.

Mwaka 1978, nje kidogo ya Ottawa nchini Kanada, Ken Hill na wenzake walikuwa wakipitisha mwanga wa leza ya argoni, ule wa buluu-kijani, ndani ya uzi wa kioo uliotiwa germaniamu. Walikuwa wafanyakazi wa Communications Research Centre, maabara ya utafiti ya serikali. Hawakuwa wakitafuta kichujio. Walitaka kujua mwanga mkali hubadilika tabia vipi ndani ya kioo. Jaribio likawaletea kero: kadiri muda ulivyokwenda, mwanga uliotokea upande wa pili ulipungua, na ule uliorudi nyuma, kule ulikotoka, ukazidi kuongezeka.

Hebu jiweke mahali pao. Kipimo kinaharibika mbele ya macho yako. Mtu mwenye haraka angesema uzi huu ni mbovu, leta mwingine, tumalize kazi twende nyumbani. Wao walikaa nao. Wakafuatilia mpaka wakaelewa kwamba mwisho wa uzi hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga, jinsi kioo cha dirisha kinavyokurudishia sura yako usiku. Mwanga unaorudi ukakutana na ule unaokwenda, wakatengeneza mistari iliyosimama, mwangaza na giza, mwangaza na giza, katika urefu wote wa uzi. Palipokuwa na mwangaza, kioo chenyewe kilibadilika kidogo. Kikabaki kimebadilika hata leza ilipozimwa. Walikuwa wamechora ndani ya uzi wa mita moja msururu wa mistari midogo mno, kila mstari ukirudisha chembe ya mwanga, na yote kwa pamoja ikirudisha rangi moja tu kwa ukamilifu.

Ili kuthibitisha upana wa rangi hiyo walifanya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya. Waliuvuta uzi. Wakaupasha joto. Ukiuvuta, nafasi kati ya mistari inaongezeka na rangi inayorudishwa inahama. Kwa hiyo kichujio hiki kilizaliwa tayari kikiwa cha kurekebishwa, na mkono wa kukirekebishia ulikuwa mvuto na joto.

Kinaitwa kichujio cha Bragg, kwa jina la William Lawrence Bragg, aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli na baba yake mwaka 1915 akiwa na umri wa miaka 25 kwa kazi ya eksirei na fuwele. Hakuwa akifikiria simu. Wala Charles Fabry na Alfred Perot hawakuwa wakifikiria simu kule Marseille mwishoni mwa karne ya 19, walipoelekeza vioo viwili vitazamane ili wapime mwanga. Ukisogeza vioo hivyo, rangi inayopita inahama. Leo vinasogezwa kwa fuwele inayotanuka ikipewa umeme, tabia ambayo mizizi yake ni ugunduzi wa ndugu wawili wa ukoo wa Curie mjini Paris mwaka 1880. Ukoo wa kichujio umejaa watu wa namna hii, waliokuwa wakishughulika na jambo lingine kabisa, wakilipwa kushughulika nalo.

Baada ya 1978 kikakaa. Kilirudisha rangi ile ile iliyokichora, na hakuna simu iliyosafiri kwa buluu-kijani. Ilichukua miaka kumi na moja, mpaka 1989, Gerald Meltz na wenzake wa United Technologies huko Marekani walipoonyesha kwamba unaweza kuchora mistari hiyo kutoka ubavuni, kwa miali miwili ya urujuanimno inayokutana kwa pembe unayoichagua. Ukibadilisha pembe unabadilisha nafasi ya mistari, na nafasi ya mistari ndiyo rangi. Mwaka 1993 Hill yule yule na wenzake wakaleta bamba la kioo lenye mifereji ambalo lilifanya kazi hiyo iwe ya kawaida, ya kurudiwa siku nzima. Hapo ndipo kikawa bidhaa.

Miaka kumi na moja. Chukua fomu yoyote ya wafadhili wa ubunifu wa hapa uisome. Inauliza walengwa ni nani, mapato yatatoka wapi, na athari itaonekanaje ndani ya mwaka mmoja na nusu. Jaribu kumwandikia kwamba mwanga unarudi nyuma, haujui kwa nini, na ungependa kukaa nao. Hutapata hata jibu la kukataliwa.

Kuna makundi mawili ninayopigana nayo, na yanaishi kwa amani katika ukumbi mmoja.

La kwanza ni la wanunuzi. Hawa husema usivumbue gurudumu upya. Kichujio kipo, kinauzwa, kinafika na karatasi zake, wewe jenga programu juu yake. Mgala muue na haki mpe: kwa bei, wana haki. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema tuache kununua kesho asubuhi. Kuvuta uzi wa kioo safi ni kiwanda, bamba la mifereji ni ghali, leza ya urujuanimno si kitu cha kuokota Gikomba. Lakini angalia wanachokifanya na haki yao. Wanaanza na ukweli kwamba kununua ni nafuu, wanamalizia kwamba kuelewa hakuna faida. Hizo ni hoja mbili tofauti, na ya pili wameiingiza kwa mlango wa nyuma. Kanada haikuvumbua mawasiliano ya faiba. Hoja kwamba kioo safi kingeweza kubeba simu iliandikwa Uingereza na Charles Kao na George Hockham mwaka 1966, na uzi wa kwanza uliofikia kiwango walichotaka ulitoka Corning huko Marekani mwaka 1970. Kwa mantiki ya wanunuzi wetu, watu wa Ottawa walipaswa kuagiza na kukaa kimya.

La pili ni la wapiga makofi, na hili linaniudhi zaidi kwa sababu linajidai kunipenda. Kila mwaka lazima gazeti lituletee kijana wa kijijini aliyeunda ndege kwa mabati na injini ya pikipiki. Picha, machozi, mwanasiasa anaahidi kumsomesha, penye nia pana njia. Mwaka ukiisha kijana yuko pale pale na ndege imekuwa banda la kuku. Habari hizo zinafundisha kwamba uvumbuzi ni muujiza unaomshukia maskini mwenye kipaji, na kazi ya sisi wengine ni kushangaa. Soma tena kisa cha Ottawa utafute muujiza. Utakuta watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi, leza iliyolipiwa na umma, na ruhusa ya kupoteza wiki kadhaa juu ya kitu kilichoharibika. Kipaji walikuwa nacho, sikatai. Vipaji hata Dandora vipo. Mshahara ndio haupo.

Nitasema nilichokiona mwenyewe. Nilisomea uhandisi wa mawasiliano chuoni mpaka mwaka wa tatu, karo ikashinda nguvu za nyumbani, nikatoka. Chuo sikitaji. Katika maabara yetu kulikuwa na kipimo cha kusoma rangi za mwanga ndani ya faiba, kifaa cha bei ambayo ingenilipia karo mara nyingi. Kilikaa kabatini kimefunikwa kitambaa cha meza, chenye maua. Wageni wakija kitambaa kiliondolewa, wakapiga nacho picha, kikarudishwa. Mlinganyo wa Bragg niliujua kwa kichwa; ulikuwa swali la alama sita. Sikuwahi kuona rangi ikihama. Wahadhiri sitawalaumu sana, kwa sababu kifaa kikiharibika mikononi mwa mwanafunzi, barua ya kujieleza ingeandikwa na mhadhiri, na pesa za kukitengeneza hazingepatikana. Kabati lilikuwa uamuzi wa busara katika nchi isiyo na busara. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema mfuko wa taifa wa utafiti utengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiasi hicho hakijawahi kufika. Sheria imelala kabatini pia, nayo ina kitambaa chake.

Nilipotoka chuoni nilipata kibarua kwa kontrakta wa faiba, kubeba ngazi na kushika taa huku fundi akiunganisha nyuzi juu ya nguzo. Huyo fundi hakupita kidato cha nne. Alikuwa na kero yake. Kuna masanduku ya viungo ambayo, alisema, jua likiwaka mwanga hupungua, na jioni hurudi sawa. Mteja analalamika saa saba, sisi tunafika saa kumi na moja, tunapima, hakuna shida, lalamiko linafungwa. Kesho yake tena. Alikuwa ameanza kuyafunika baadhi kwa gunia kwa pesa zake mwenyewe, na kuandika kwenye daftari la shule ni yapi yamefunikwa na yapi hayajafunikwa. Nikamwuliza kwa nini asiwaonyeshe ofisini. Akacheka. "Kijana wangu, hapa tunalipwa kwa kiungo, hatulipwi kwa kuelewa."

Daftari la yule mzee ni utafiti. Lina swali, lina kulinganisha, lina subira. Tofauti kati yake na Ken Hill ni kwamba mmoja alilipwa kukaa na kero na mwingine alikatwa mshahara kwa muda alioutumia kukaa nayo. Walio karibu na kioo hawana muda, na wenye muda wamekiweka kioo kabatini. Hapo katikati ndipo uvumbuzi wetu unapofia, kila siku, bila mazishi.

Na jua lenyewe si jambo dogo. Kichujio cha Bragg kikiachwa hivi hivi, rangi yake huhama kama nanomita 0.01 kwa kila digrii moja ya joto. Fanya hesabu. Joto likipanda digrii 40 umehama nanomita 0.4, umeingia nyumba ya jirani. Sasa fikiria sanduku la chuma kando ya barabara Garissa, kutoka alfajiri mpaka saa nane mchana. Aliyelibuni kwa ajili ya nchi ya baridi alilazimika kufikiria theluji. Wa kufikiria jua letu ni nani?

Dawa inajulikana, na ndiyo inayonifurahisha kuliko sehemu nyingine zote za hadithi hii kwa sababu ni ya karakana. Unaushika uzi ukiwa umevutwa kidogo juu ya kishikio cha metali mbili, moja inayotanuka sana na moja isiyotanuka sana, ukizipanga ili joto likipanda kishikio kilegeze uzi. Joto linasukuma rangi upande mmoja, kulegea kunairudisha upande wa pili, rangi inakaa palepale. Kwa kipande cha sentimita 3, kuhamisha rangi nanomita 0.4 kunahitaji kukivuta au kukilegeza kwa takriban mikromita 10, sehemu ya kumi ya unene wa karatasi. Kigeuze kishikio hicho, ukisukume kwa skrubu nyembamba au kwa fuwele ya umeme, na unacho kichujio cha kurekebishwa. Ni metali, vipimo, na jua kali. Tuna sekta nzima yenye jina hilo. Nenda Kamukunji ukasikilize nyundo: pale kuna watu wanaojua bati lipi hupinda juani na lipi halipindi, wamelijua kwa vidole. Mikromita 10 hawajawahi kuombwa. Sisemi wataifikia wiki ijayo. Nasema hakuna aliyewahi kwenda na uzi, kipimo na mshahara akawaambia jaribuni, na mkikosea mara mia tutawalipa mara mia.

Mnunuzi atasema hata tukifaulu, tutakuwa tumetengeneza kitu cha miaka ya tisini, na wenzetu siku hizi wanaelekeza rangi kwa vidirisha vya fuwele za kimiminiko, jamaa ya zile za kioo cha saa yako ya dijitali. Ni kweli. Lakini fuwele za kimiminiko zilionekana mara ya kwanza mwaka 1888, na Friedrich Reinitzer aliyeziona alikuwa mtaalamu wa mimea akishangaa kwa nini kitu alichokitoa kwenye karoti kinayeyuka mara mbili. Kero nyingine, mtu mwingine aliyelipwa kukaa nayo. Ukidai kuanzia mwisho wa foleni ya kisasa hutaanza kamwe, kwa sababu foleni inasonga.

Ninachodai ni kidogo kuliko gharama ya kongamano moja la hoteli. Kifaa kimoja kitolewe kabatini, na yule mhadhiri aandikiwe barua kwamba kikiharibika hataulizwa. Ziwepo nafasi tatu za kazi kwa miaka mitano: fundi mmoja wa nguzo, fundi mmoja wa metali, na mwanafizikia mmoja aliyechoka kusahihisha maswali ya alama sita. Wapewe swali moja, la kishikio kitakachoituliza rangi katika sanduku la Garissa alfajiri mpaka saa nane. Hataza za vichujio vya kwanza vya Bragg zimekwisha muda wake zamani, kwa hiyo hakuna wa kumwomba ruhusa. Wasiulizwe walengwa ni nani. Kila mwaka waandike wamefika wapi, na wakikwama waandike wamekwama kwenye nini, kwa Kiswahili, na karatasi hizo ziwekwe mahali ambapo mtu aliye juu ya ngazi anaweza kuzisoma kwenye simu yake bila kuombwa nenosiri.